Gemu Kubwa ya Mtandaoni Inaanza na Vidoti Viwili

Nikisema tu mahali kwamba natengeneza gemu, hazipiti siku mbili kijana ananitafuta na ndoto yake: dunia nzima iko wazi, wachezaji elfu kwa mpigo, magari, bunduki, kila mtu na nyumba yake. Ramani ameshachora. Jina la kampuni lipo, nembo ipo. Anauliza aanzie wapi. Huwa namwambia ramani aiweke kando kwanza, atafute simu mbili.

Naishi Dodoma. Mchana nahangaika na mifumo ya kompyuta ya ofisi za watu, usiku ndio muda wa gemu. Yangu inahusu misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Ikifika Ugogo ilikuwa lazima ilipe hongo kwa watemi, maana maji yalikuwa ya shida na visima vilikuwa mikononi mwao. Kwa hiyo wachezaji wengine wanaongoza misafara, wengine ni watemi, na bei ya maji inapangwa kwa kubishana papo hapo. Ndiyo maana nataka iwe ya watu wengi. Kubishana na kompyuta hakuna raha.

Sasa kwa nini simu mbili? Kwa sababu ugumu wa gemu ya namna hii hauko kwenye picha. Uko kwenye kukubaliana nani yuko wapi saa hii. Weka vidoti viwili kwenye skrini, chekundu na cha bluu, kila simu iendeshe chake. Changu kikienda kushoto, na kwako kionekane kimeenda kushoto. Halafu seva, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji, iwe ndiyo yenye neno la mwisho, maana ukiiachia simu ya mchezaji itaje yenyewe ina pembe za ndovu ngapi, atatokea mjanja aifanye itaje milioni. Hayo yanataka kuwekwa kwenye msingi. Ukijenga dunia yako yote kwa mchezaji mmoja ukitegemea kupachika mtandao mwishoni, jiandae kubomoa.

Mtu ataniambia Eric Barone aliunda gemu maarufu ya kilimo, Stardew Valley, peke yake. Kweli, na ikatoka mwaka 2016. Lakini kucheza na wenzako kulikuja 2018, na kazi ya mtandao alisaidiwa na wachapishaji wake. Ndoto ya peke yako ina mipaka, na mtandao ni mpaka mmojawapo.

Vidoti vyangu nilivipeleka kwenye banda la gemu Chang'ombe, pale watoto wanapolipia mechi za mpira. Simu mbili, hotspoti, hakuna bando. Sikuwaeleza kitu. Muda si muda walishatunga mchezo wao: chekundu kinakimbiza, cha bluu kinatoroka, anayeguswa anampisha mwenzake aliye kwenye foleni. Mmoja akatoka na simu hadi ng'ambo ya barabara, hotspoti ikafifia, kidoti chake kikaanza kuruka kama panzi. "Anko, changu kimeganda!" Mwenzake aliyebaki ndani akasema hapana, kwake kinatembea vizuri tu. Wakabishana, kila mmoja ameshika skrini yake kama ushahidi. Ule ubishi ulinifundisha kuliko video zote nilizotazama, kwa sababu wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Kuna hesabu ambayo kila mwenye ndoto ya wachezaji elfu aifanye kwa mkono wake. Wachezaji 10 wakiwa sehemu moja, kila mmoja anahitaji habari za wenzake 9, jumla taarifa 90 kwa kila mzunguko wa kutumiana habari. Wakiwa 100, ni taarifa 9,900. Wachezaji wameongezeka mara kumi, kazi imeongezeka zaidi ya mara mia. Na mizunguko hiyo ni mingi kila sekunde. Magemu makubwa huikwepa hesabu hii kwa kumpa mchezaji habari za walio karibu naye tu. Wewe fanya hivyo tangu mwanzo.

Halafu umbali. Mwanga unaobeba data ndani ya mkongo wa intaneti husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme seva yako iko Ujerumani: kutoka hapa ni kama kilomita 7,000, kwa hiyo hata waya ungenyooka kama rula, kwenda na kurudi ni milisekunde 70. Na haunyooki: unashuka Dar es Salaam, unaingia baharini, unazunguka. Mnara wa simu nao unaongeza zake. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti iliyumba Afrika Mashariki nzima.

Kwa hiyo chagua gemu ambayo kuchelewa nusu sekunde hakuui mtu. Biashara, mjadala, zamu kwa zamu, kudanganyana. Gemu ya kulenga shabaha waachie wenye seva mtaa wa pili. Na iwezekane kuchezwa kwa hotspoti bila bando. Among Us, gemu ya kumsaka msaliti aliyejificha kati yenu, ilianza hivyohivyo mwaka 2018, watu wakiwa chumba kimoja. Umaarufu wa dunia uliikuta 2020.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema. Natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu: ni bure, leseni yake haikudai malipo hata ukiuza, na laptopu ya kawaida inaiweza. Unity, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ilitangaza 2023 kuwatoza watengenezaji ada kwa kila gemu inayopakuliwa na kusakinishwa, ikaja kuifuta 2024 baada ya kelele nyingi. Kazi yako itunze nje ya laptopu kila siku. Umeme hautoi taarifa.

Kazi ya mchana usiiache. Mama yangu huniuliza, "Mwanangu, hivyo vidude vitaanza kulipa lini?" Sina jibu, na kwa kuwa kodi ya nyumba imelipwa, silazimiki kuwa nalo. Aliyeacha kazi analazimika, na ndipo anapoanza kuahidi watu vitu.

Pesa kidogo unayopata wape watu wa sanaa kabla ya matangazo. Muziki wa kuazima intaneti kwenye gemu ya Ugogo ni aibu, wakati zeze na ilimba zipo. Nilimfuata mzee mmoja mpiga zeze, nikamweleza malipo, nikamwonyesha vidoti. Akavitazama sana.

"Watemi wako ni wangapi?"

"Kumi na wawili, mzee."

"Basi ni nyimbo kumi na mbili. Mtemi hachangii wimbo na mwenzake."

Bajeti yangu ilikuwa ya wimbo mmoja. Tumekubaliana tuanze na watemi wawili.