Muulize Dokta: MRI ya kemikali za ubongo na skizofrenia

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu wa kiume ana skizofrenia, daktari wa magonjwa ya akili alithibitisha mwaka jana na dawa kaanza. Sasa kuna mtu katuambia ipo MRI ya aina yake inaonyesha kemikali za ubongo, tunataka tumpeleke tupate uhakika maana ndugu wengine wanasema anajifanyisha tu. Hiyo MRI ikoje, na itatusaidia? (Dada yake)

JIBU: Marahaba dada, pole sana, na nianze na hilo la kujifanyisha: hapana. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hajifanyishi, anazisikia kweli, na hao ndugu waambiwe hivyo hivyo bila kusubiri mashine yoyote.

Hicho kipimo kipo, kinaitwa spektroskopi ya sumaku, kwa kifupi MRS. Mashine ni ile ile ya MRI, mgonjwa analala mle mle, ila badala ya kutoa picha inatoa mchoro wa mistari yenye vilima vilima. Kinachofanyika ni kwamba chembe za hidrojeni ndani ya sumaku kali zikipigwa mawimbi ya redio zinarudisha mawimbi, na masafa yake yanatofautiana kidogo sana kutegemea hiyo hidrojeni imekaa kwenye kemikali gani, kwa hiyo kila kemikali inapata kilima chake kwenye mchoro na kilima kikiwa kikubwa maana yake kemikali ni nyingi. Wanafizikia Felix Bloch na Edward Purcell waligundua mwaka 1946 kwamba chembe ndani ya sumaku zinaitikia mawimbi ya redio, wakapewa tuzo ya Nobeli 1952, yaani sayansi yenyewe si ya jana.

Kinachoonekana vizuri ni NAA, ambayo iko zaidi ndani ya seli za neva, halafu kreatini, kolini, na glutameti, ambayo seli za ubongo zinaitumia kuamshana na kupeleka ujumbe. GABA, kemikali inayotuliza seli za ubongo, ni kazi ngumu kwa sababu kilima chake kidogo kinafunikwa na cha kreatini, inabidi mbinu maalumu kukitoa. Na kichwani maji yamezidi kemikali hizi kwa maelfu ya mara, kwa hiyo lazima kwanza mawimbi ya maji yafutwe ndo hivyo vingine vionekane.

Sasa kwa nini nakwambia usimpeleke kwa ajili ya uhakika. Ni kweli watafiti wakikusanya wagonjwa wengi na watu wasio wagonjwa wengi wakalinganisha, wanakuta NAA imepungua kidogo kwa wagonjwa, hasa sehemu ya mbele ya ubongo na kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu. Lakini hiyo ni wastani wa kundi na tofauti ni asilimia chache tu. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, sawa, lakini nikikwambia kuna mtu ana sentimita 168 utajua ni mwanamke au mwanaume? Huwezi. Namba za mdogo wako zinaweza kutoka sawa kabisa na zangu na bado akawa anaumwa, na hapo hao ndugu wanaosema anajifanyisha watapata la kushika! Skizofrenia inagundulika kwa mazungumzo, dalili, na muda ambao dalili zimekaa, pamoja na vipimo vya kuondoa sababu nyingine kama dawa za kulevya, kifafa au uvimbe. Hayo daktari wake kashayafanya. Hela ya skani ibaki kwenye dawa na kliniki.

SWALI: Dokta mbona siku zote tunaambiwa tatizo ni dopamini, na wewe kila siku glutameti glutameti? MRS inapima dopamini?

JIBU: Haipimi. Dopamini nayo ni kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, lakini ni kidogo mno, MRS inahitaji kemikali iwe na wingi fulani ndo ionekane. Dopamini inachunguzwa kwa skani ya PET, ambayo inatumia dawa yenye mionzi kidogo, na huko imeonekana kweli kwamba wagonjwa wengi wanatengeneza dopamini kupita kiasi kwenye striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo.

Glutameti imeingia kwa sababu ya ketamini, dawa ya usingizi. Mtu mzima asiye na ugonjwa akipewa ketamini, inaziba vipokezi fulani vya glutameti na kwa muda anapata dalili zinazofanana na skizofrenia, sio mawazo ya ajabu tu, hata ule ukimya na kukosa hamu ambao dopamini peke yake haiuelezi vizuri. Ndo maana watu wakakimbilia MRS. Majibu lakini si ya mstari mmoja: kuna sehemu za ndani za ubongo glutameti imeonekana juu, kuna sehemu ya mbele katikati imeonekana chini, na umri na dozi ya dawa navyo vinabadilisha namba. Tena mashine inapima glutameti yote iliyomo kwenye kiboksi cha ubongo cha kama sentimita 2 kila upande, haiwezi kutofautisha ile inayopeleka ujumbe kati ya seli na ile inayotumika kwa kazi za kawaida za seli.

SWALI: Ina madhara?

JIBU: Haina mionzi kama ya eksirei. Shida ni chuma mwilini, kwa mfano kifaa cha moyo, sema mapema kabla hujaingia. Kelele ni nyingi na unatakiwa utulie, kila eneo linalopimwa linachukua kama dakika 5 hadi 10, na kwa mtu mwenye hofu au anayesikia sauti hilo ni gumu, asilazimishwe.

SWALI: Mimi ni mgonjwa mwenyewe. Nimetumia dawa mbili tofauti, kila moja kwa miezi, na sauti bado zipo. Nimesoma kwamba wasiopona wana glutameti nyingi. Nitafute hicho kipimo ili nipewe dawa ya glutameti?

JIBU: Asante kwa kuandika ndugu yangu. Ulichosoma kipo, baadhi ya tafiti zimekuta wasiopata nafuu kwa dawa za kawaida wana glutameti zaidi kwenye singuleti ya mbele, sehemu ya ubongo iliyo mbele katikati, na kwangu mimi hapa ndo MRS ina maana kubwa kuliko kote, kwa sababu kama siku moja itaweza kuonyesha mapema nani dawa za kawaida, zile zinazozuia dopamini, hazitamfaa, watu wataokolewa miaka ya mateso. Kwa sasa hospitali haiwezi kukuchagulia dawa kwa namba hizo. Na dawa ya glutameti ya kukupa haipo, kampuni ya Eli Lilly ilikuwa na moja inaitwa pomagilumetadi, mwanzoni ilileta matumaini makubwa, majaribio makubwa yakagoma na 2012 wakaiacha.

Ila usikate tamaa, maana kuna kitu kipo na huenda hujaambiwa. Dawa mbili kwa dozi kamili, kila moja angalau wiki 6, bila nafuu ya maana, hapo mtu anastahili kufikiriwa dawa inayoitwa klozapini. Kwenye jaribio maarufu la Marekani la 1988, kwa wagonjwa waliokwama kama wewe, asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini, kwa klopromazini, dawa ya kawaida ya zamani, ni asilimia 4. Inahitaji kupima damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe, na ukifunga choo usikae kimya, sema haraka maana inaweza kuwa hatari. Hiyo ndo ya kwenda kumuuliza daktari wako kliniki ijayo, na hizo ulizonazo usiziache mpaka muongee.