Jibu: Je, visiwa vinaweza kuachana na mafuta ya kuagiza?

Ndugu, umeuliza iwapo visiwa vilivyozoea kuchoma mafuta ya kuagiza vinaweza kweli kutegemea jua na upepo, hasa usiku unapoingia. Tazama visiwa vya Hawaii, jimbo la Marekani, ambako sheria ya mwaka 2015 inataka umeme wote utokane na vyanzo jadidifu ifikapo 2045. Hakuna waya wa chini ya bahari unaoviunganisha visiwa hivyo, kwa hiyo kila kimoja hujitegemea kwa gridi yake (mtandao wa kusambaza umeme), na hapo ndipo ugumu ulipo. Huko Kauai, kimojawapo cha visiwa hivyo, ambako umeme unasimamiwa na ushirika wa wateja wenyewe tangu 2002 (jambo ambalo naamini limesaidia sana), mtambo wa Lawai uliozinduliwa mwaka 2019 una megawati 28 za sola na betri za megawati-saa 100, ambazo hujazwa mchana ili zitumike jioni, watu wanapopika na kuwasha taa. Kisiwa kingine, Oahu, kilijikwaa kidogo: kituo chake cha makaa ya mawe kilifungwa Septemba 2022, ilhali betri kubwa ya Kapolei ilianza kazi mwishoni mwa 2023, na katika kipindi hicho mafuta yaliziba sehemu ya pengo.