Kusoma habari ukiwa Japani: anza na gazeti la mkoa, na usiyapite majarida ya wiki

Vijana wanaokuja Japani kusoma au kufanya kazi huniuliza wapate wapi habari za nchi hii. Nimeishi Nagoya miaka mingi, na jibu langu limerefuka kiasi kwamba ni heri niliandike mahali pamoja, kila anayekuja alikute.

Wengi hutaka niwatajie tovuti moja ya Kiingereza, basi. Zipo, tena nzuri: The Japan Times lililoanza mwaka 1897, shirika la habari la Kyodo, Nikkei Asia, kurasa za Kiingereza za Asahi na Mainichi. Zisome. Ila fahamu kwamba kilichotafsiriwa ni kile ambacho mhariri ameona kitamgusa mtu aliye nje: uchaguzi, thamani ya yeni, ziara ya waziri mkuu. Habari kwamba manispaa yako inapandisha michango ya bima ya afya, au kwamba shule ya msingi ya mtaani kwako itafungwa kwa kukosa watoto, haifiki huko. Na hizo ndizo zitakazokugusa wewe.

Kwa hiyo jifunze kusoma Kijapani cha habari mapema, hata kama masomo yako chuoni ni ya Kiingereza. NHK, shirika la utangazaji la umma, wana huduma ya habari kwa Kijapani chepesi, yenye sentensi fupi na kanji (herufi zenye asili ya Kichina) zilizoandikiwa matamshi yake juu, na unaweza kuisikiliza ikisomwa. Shirika hilohilo lina idhaa ya Kiswahili katika NHK World. Njia iliyonisaidia mimi ni kusikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, kisha kuitafuta habari ileile katika Kijapani chepesi. Ukishajua kilichotokea, akili haihangaiki na maana nzima. Inabaki kushughulika na maneno tu.

Ukishapata nguvu kidogo, nenda kwenye gazeti la mkoa unaoishi, kabla hata ya yale makubwa ya Tokyo. Hapa Nagoya ni Chunichi Shimbun. Kampuni hiyo ndiyo inayotoa pia Tokyo Shimbun, na ndiyo inayomiliki timu ya besiboli ya Dragons. Sendai wana Kahoku Shimpo, Fukuoka wana Nishinippon Shimbun, kaskazini kuna Hokkaido Shimbun. Katika mikoa mingi gazeti la nyumbani ndilo linaloingia kwenye nyumba nyingi kuliko yale ya kitaifa, na kurasa zake za ndani zimejaa mambo ya kata kwa kata: barabara, mafuriko, sherehe za mtaa, matangazo ya misiba.

Tazama Okinawa. Visiwa vile ni sehemu ndogo mno ya Japani, lakini takribani asilimia 70 ya eneo linalotumiwa na kambi za majeshi ya Marekani pekee nchini humu liko huko. Kambi hizo zikitajwa katika gazeti la Tokyo, mara nyingi zinatajwa kama suala la ulinzi na uhusiano wa nje. Fungua magazeti ya huko, Ryukyu Shimpo au Okinawa Times, uone tofauti: ni kelele za ndege juu ya shule, ni maji ya kunywa, ni shamba la babu lililochukuliwa. Tukio ni lilelile. Mwandishi wa Naha, mji mkuu wa Okinawa, anakaa chini ya ndege hizo, na hilo linaonekana kwenye sentensi zake.

Kuna gazeti dogo ambalo nalitaja kila nipatapo nafasi, Ishinomaki Hibi Shimbun la mkoa wa Miyagi. Tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011 vilipolikumba jiji la Ishinomaki, mtambo wa kuchapia haukuweza kufanya kazi na umeme haukuwepo. Waandishi wake walichukua karatasi kubwa na kalamu za wino mzito, wakaandika gazeti kwa mkono, wakalibandika katika vituo vya waliohamishwa. Waliendelea hivyo siku sita mfululizo. Yaliyoandikwa ni yale mtu aliyenusurika alihitaji kuyajua saa ile: hali ya uharibifu, misaada, umeme umerudi wapi. Siwezi kusikia mtu akiyadharau magazeti ya mikoani bila kuwakumbuka watu wale.

Sasa yale makubwa. Ni matano: Yomiuri, Asahi, Mainichi, Nikkei la uchumi, na Sankei. Usisome moja ukadhani umeisikia Japani. Njia rahisi ya kuyajua ni kusubiri Mei 3, Siku ya Katiba, uyasome maoni ya wahariri ya siku hiyo sambamba. Asahi hukitetea Kifungu cha 9, kile kinachokataa vita. Yomiuri na Sankei husimama upande wa kubadili katiba, na Yomiuri lilifika mahali pa kuchapisha rasimu yake lenyewe mwaka 1994. Ukishajua kila moja linasimama wapi kwa jambo hilo, hutashangaa sana ukilisoma kuhusu Korea, China, nyuklia au historia ya vita.

Lakini katika habari za kawaida, hasa za serikali na polisi, utaona magazeti haya yanafanana mno, wakati mwingine hata mpangilio wa aya. Sababu yake kubwa ni zile klabu za waandishi wa habari ambazo kwa Kijapani huitwa “kisha kurabu”. Mtanzania akisikia klabu ya waandishi hufikiria chama cha waandishi wa mkoani kwake. Hizi ni kitu kingine. Wizara, makao makuu ya polisi, ofisi ya mkoa, kila moja ina chumba ndani ya jengo lake ambamo waandishi wa magazeti na televisheni kubwa wanakaa, wanapewa taarifa, na wanazoeana na maofisa. Faida yake ni kwamba taarifa zinafika upesi na takwimu ni sahihi. Hasara yake ni kubwa zaidi, kwa maoni yangu: anayekaa kwenye nyumba ya mtu kila siku huona tabu kuandika yale ambayo mwenye nyumba hataki yaandikwe. Na kwa muda mrefu waandishi wa majarida, wa kujitegemea na wa kigeni walibaki nje ya mlango.

Hapo ndipo majarida yanapoingia, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu wageni wengi huyaona dukani yamejaa picha za wasichana na umbea wa waigizaji, wakayapita. Mwaka 1974 jarida la Bungei Shunju ndilo lililochapisha uchunguzi wa Tachibana Takashi kuhusu fedha za Waziri Mkuu Tanaka Kakuei. Magazeti makubwa hayakulishikilia jambo lile hadi Tanaka alipokwenda mbele ya klabu ya waandishi wa kigeni Tokyo na kubanwa kwa maswali. Kabla mwaka haujaisha alitangaza kujiuzulu. Mwaka 2011 habari za hasara zilizofichwa na kampuni ya Olympus zilianzia FACTA, jarida dogo linalosomwa kwa usajili.

La Johnny Kitagawa ndilo linaloniuma. Huyu alikuwa mwenye wakala mkubwa wa vijana waimbaji. Jarida la wiki la Shukan Bunshun liliandika kuanzia mwaka 1999 kwamba alikuwa akiwadhalilisha kingono wavulana aliowalea kikazi. Wakala ukashtaki. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Tokyo ilikubali kwamba sehemu kuu ya madai yale ya udhalilishaji ilikuwa kweli. Hukumu ya mahakama, si uvumi! Hata hivyo magazeti yaliigusa kidogo sana na televisheni, zilizowategemea vijana wale kwa vipindi vyake, zilinyamaza. Kitagawa alifariki mwaka 2019 akiagwa kwa heshima. Ilibidi BBC itoe filamu yake Machi 2023 ndipo nchi ikaanza kulizungumza wazi, na Septemba mwaka huo wakala ukakiri. Kila ninapofikiria miaka ile yote kati ya hukumu na kukiri, nafikiria watoto waliopita katika mikono yake.

Basi kila Alhamisi fungua gazeti lako utafute tangazo la Shukan Bunshun na Shukan Shincho. Vichwa vyote vya toleo jipya huwa vimepangwa hapo, na hata usiponunua jarida utajua ni jambo gani linaloandikwa huko ambalo kurasa za mbele hazijaligusa. Lakini usiyaamini kwa upofu. Mwaka 2009 Shukan Shincho lilichapisha maungamo ya mtu aliyedai kuishambulia kwa bunduki ofisi ya Asahi mwaka 1987, shambulio lililomuua mwandishi. Maungamo yakawa ya uongo na jarida likakiri limekosea. Jambo zito linalotoka kwenye jarida moja, lipe wiki kadhaa. Angalia kama aliyetajwa amejibu, kama amekwenda mahakamani, na kama wengine wamelifuatilia kwa vyanzo vyao wenyewe.

Habari za kukamatwa watu zisome kwa tahadhari hiyohiyo. Hapa mtu akikamatwa, jina, umri na kazi yake huweza kutoka siku hiyohiyo, na maelezo yanatoka kwa polisi kupitia klabu zile. Juni 1994 gesi ya sumu ya sarin ilimwagwa usiku katika mji wa Matsumoto, watu saba wakafa. Kono Yoshiyuki, aliyepiga simu kuomba msaada na ambaye mkewe alizimia asizinduke tena, ndiye aliyegeuzwa mtuhumiwa na polisi, na magazeti na televisheni vikaifuata njia hiyo kwa miezi. Waliofanya walikuwa kundi la kidini la Aum Shinrikyo, lilelile lililoshambulia treni za chini ya ardhi Tokyo Machi 1995. Magazeti yalimwomba radhi baadaye. Ukiona habari yote imesimama juu ya “watu wanaohusika na uchunguzi”, bila shahidi mwingine wala sauti ya wakili, usiisambaze kwenye kundi lenu la WhatsApp kama jambo lililothibitishwa, hasa aliyekamatwa akiwa mgeni mwenzetu.

Kuhusu gharama. Gazeti la kuletewa nyumbani ni maelfu kadhaa ya yeni kwa mwezi, na mauzo ya magazeti nchini yameshuka kutoka nakala milioni 53 hivi kwa siku mwaka 2000 hadi chini ya milioni 30, kwa hiyo wanaotafuta wasomaji wanabisha hodi kwa bidii. Atakuja mtu mlangoni na sabuni ya kufulia kama zawadi, akuombe saini ya miezi sita au mwaka. Usisaini usichoweza kukisoma. Ukishasaini na ukajuta, sheria inakupa siku nane za kuvunja mkataba wa mlangoni kwa maandishi.

Mwanafunzi sidhani anahitaji kulipa. Maktaba za miji huweka magazeti ya kitaifa na ya mkoa bure, na nyingi zina kompyuta yenye hazina ya matoleo ya zamani ya Asahi au Yomiuri. Mwulize mhudumu, watakuonyesha kwa upole. Ukifuatilia jambo la miaka ya nyuma kupitia majarida na ukiwa Tokyo, nenda maktaba ya Oya Soichi kule Setagaya, ambako makala za majarida zimeorodheshwa kwa majina ya watu na kwa mada. Ukitoka kuandikisha anwani yako kwenye kadi ya ukaazi, pitia maktaba ya mtaani kwako uiombe na kadi ya kuazimia.