Sweta ya uzi wa kusokota nyumbani imetoka pana: nifanyeje?

Swali: Ninafuga kondoo wachache aina ya Corriedale huku Kinangop, ninasokota sufu yao kwa mkono na kuwafumia watoto sweta. Safari hii nilianza na vitanzi 130, kama nilivyozoea kwa uzi wa dukani, lakini sweta ya kifungua mimba wangu imetoka pana mno. Jirani amenishauri niiloweke katika maji ya moto ili inywee. Je, nifuate ushauri huo?

Jibu: Dada, nakusihi usiiloweke. Kila unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo mno, na yanapokutana na joto, unyevu, sabuni na msuguano, hung'ang'aniana hata sweta ikawa nzito na ngumu, wala hairudi tena katika hali yake. Isitoshe, kunywea kwenyewe hakuendi sawasawa. Kwa kawaida urefu hupungua zaidi kuliko upana, na mtoto atabaki na sweta pana inayoishia kitovuni.

Tatizo limeanzia kwenye hesabu. Kama uzi wa dukani ulikupa vitanzi 18 katika sentimita 10, vitanzi 130 vilikuwa na mzunguko wa sentimita 72 hivi. Uzi wako ukiwa mnene kidogo na kukupa vitanzi 16 tu, vitanzi hivyo hivyo hufika sentimita 81.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza sweta, fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, ukifue kama utakavyoifua sweta yenyewe, ukilaze kikauke bila kukivuta, kisha uhesabu vitanzi katika sentimita 10 za katikati, kwa kuwa kingo hudanganya. Hatua ya kufua ndiyo ambayo wengi huiruka, na kwa uzi wa kusokota kwa mkono ina uzito wa pekee: wakati wa kusokota sufu huvutwa, na inapolowa kwa mara ya kwanza hulegea, ikajaa na kufupika. Kipimo cha kabla ya kufua hakiaminiki.

Kipande kikiwa chepesi hata mwanga unapenya, tumia sindano nyembamba zaidi na upime upya. Kikikuridhisha mkononi, punguza vitanzi: 16 kwa kila sentimita 10, kwa mzunguko wa sentimita 72, ni 115, mimi ningeweka 116, ili ukingo wa vitanzi 2 vya mbele na 2 vya nyuma ugawanyike vizuri.

Sweta uliyo nayo ifumue tu, maana hakuna uzi utakaopotea. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usijisokote, uloweke katika maji ya vuguvugu bila kuusugua, kisha uutundike hadi ukauke na mikunjo itoke. Baada ya hapo fuma kipande kingine cha kupimia, kwa sababu uzi uliokwisha kuloweshwa hautakupa kipimo kile cha mwanzo.