Gitaa la umeme limekauka sauti, noti zinakata mapema: usikimbilie pikapu mpya

Mkuu umesema gitaa lako la umeme lina sauti kavu, ukipiga noti inakata mapema, halina uzito wala halivumi, na tayari umeamua ununue pikapu mpya, yaani kile kifaa cha sumaku chini ya nyuzi kinachookota mlio. Naomba usubiri kidogo. Mimi nilipita njia hiyohiyo, nikanunua pikapu nzuri kabisa, nikazichomea waya mwenyewe kwa risasi ya kuchomelea, nikawasha ampu (kikuza sauti) nikiwa na hamu kweli, na sauti ikawa ileile, tofauti ni kwamba ilipanda kidogo tu. Nikaanza kuamini mbao za lile gitaa ni mbovu na karibu niliuze. Leo hii ndo gitaa ninalolipenda kuliko yote niliyonayo, na mbao ni zilezile.

Kitu cha kwanza chomoa kebo. Kaa mahali patulivu, piga noti moja moja taratibu huku umegusisha sikio kwenye ile pembe ya juu ya bodi, yaani mwili wa gitaa. Usikilize mlio unadumu muda gani, na kama unahisi mtetemo kwenye mbavu na kwenye kiganja kilichoshika shingo. Kama bila umeme gitaa linalia vizuri alafu ukichomeka linakuwa limekufa, shida iko kwenye waya, pikapu, poti (zile za kuzungusha voliumu na toni) au ampu. Ila kama hata bila umeme linasema tup tup kama limefunikwa blanketi, hata uweke pikapu ya bei gani haisaidii, pikapu inaokota kile ambacho uzi unafanya na uzi wako haufanyi kitu.

Haya tuseme ni hiyo ya pili maana kwa maelezo yako nahisi ndo yenyewe. Nyuzi una muda gani nazo? Zile nene zimezungushiwa waya mwembamba juu ya kiini, jasho na uchafu vinaingia katikati ya mizunguko, uzi unakuwa mzito pengine na mwepesi pengine, unapoteza ule ung'avu na hata kutuni (kuweka nyuzi kwenye sauti zake) inakuwa taabu. Weka seti mpya, zivute zinyooke, tuni, rudia jaribio. Usiruke hatua hii hata kama unaona nyuzi bado zinang'aa kwa juu.

Alafu linganisha noti ya wazi, yaani bila kubana uzi popote, na noti ya kubana freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Hapa ndo unajua adui yuko wapi bila kufungua skrubu hata moja. Uzi ukipigwa wazi unakufa lakini ukibana freti ya 2 au ya 3 unalia fresh, basi ni nati, kile kipande chenye mifereji karibu na kichwa, mfereji umelegea au umechimbwa vibaya uzi unakaa kwenye ukingo wa nyuma badala ya ule wa mbele unaotazama freti. Uzi mmoja tu ndo mbovu kila mahali, angalia tandiko lake, kile kipande uzi unapoegemea pale kwenye briji (daraja la nyuzi kwenye bodi), mara nyingi kuna skrubu ndogo ya kimo haijagusa chini, inaning'inia, ukiigusa kwa kidole inacheza. Nyuzi zote mbovu kila mahali, nenda kwenye shingo.

Kwangu ilikuwa shingo. Ni gitaa la shingo ya kufungwa kwa skrubu 4, na fundi aliyelishika kabla yangu alikuwa amekunja kipande cha boksi akakiweka chini ya kisigino cha shingo ili kuinamisha, na skrubu hazikukazwa sawasawa. Nilitoa boksi nikaweka kipande chembamba cha mbao kilichojaa mfuko wote, lile shimo la bodi shingo inapokaa, nikafunga. Kisha nikafanya kitu ambacho nakushauri ufanye hata kama huna boksi humo ndani: tuni gitaa mpaka mwisho, nyuzi zikiwa zimekaza hivyohivyo legeza kila skrubu ya shingo kidogo sana, kama robo mpaka nusu mzunguko, usizidishe. Mvutano wa nyuzi wenyewe unaivuta shingo ikae mpaka mwisho wa mfuko wake. Mimi nilisikia "kek" moja ndogo, nikakaza skrubu kwa kukatisha kona, moja ya juu kulia, moja ya chini kushoto, kisha zile nyingine. Nikapiga uzi wa 6 wazi na nilihisi mtetemo tumboni kwa mara ya kwanza toka nilinunue, aisee nilikaa napiga noti hiyo moja dakika nzima.

Sasa kimo cha pikapu, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wanaharibu bila kujua. Unaona sauti ndogo, unapandisha pikapu karibu na nyuzi, sauti inapanda kweli, lakini sumaku inaanza kuuvuta uzi na kuuzuia usicheze kwa uhuru, noti inakata mapema, na ukipiga nyuzi nene kule freti za juu unasikia kama sauti mbili zinapigana ndani ya noti moja. Hata mimi zile pikapu mpya nilizipandisha sana, ndo maana nilisema sauti ilipanda tu. Pikapu za koili moja (fungu moja la waya uliozungushwa) zinaumiza zaidi hasa zile ambazo nguzo zake, vile vichwa vidogo vya chuma chini ya kila uzi, zenyewe ndo sumaku, hambaka, zile za koili mbili, zinavumilia kidogo maana sumaku yake iko chini ya koili. Bana uzi wa 6 kwenye freti ya mwisho, pima nafasi kati ya chini ya uzi na nguzo ya pikapu, anza na milimita 2.4 hivi upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyembamba, kisha shusha au pandisha nusu mzunguko wa bisibisi huku unasikiliza. Ukishusha utaona sauti imepungua, ongeza voliumu ya ampu ndo ulinganishe, usilinganishe kubwa na ndogo.

Mnyooko wa shingo sisemi sana. Bana freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8, robo milimita inatosha. Kama uzi unagusa kabisa, shingo imenyooka mno na freti zinaumeza mlio, legeza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, tuni, pima tena. Na kama ni noti moja tu inayokufa, mara nyingi uzi wa 3 kati ya freti ya 5 na ya 7, hiyo ni shingo yenyewe inatetemeka kwa kasi ya noti ile na kuila nguvu. Bana kitu kizito kidogo kwenye kichwa cha gitaa, utaona noti mbovu inahama. Hilo si kosa la mtu, magitaa mengi mazuri yanalo.

Kama jaribio la kwanza lilikuonyesha ni umeme, jaribu kwanza kebo fupi. Kebo ya mita 10 inakula trebo (zile sauti kali za juu) nyingi kuliko ya mita 3, na kama sauti inafunguka hapo umeshapata jibu. Kisha kuna poti, hambaka kawaida inataka za kilo-ohmu 500 na koili moja 250, ukikuta hambaka imewekewa 250 itasikika imefunikwa. Pikapu zikiwa nzuri moja moja ila ukiziwasha pamoja sauti inakuwa nyembamba kama inatoka puani, zimegeuziana waya, geuza waya mbili za pikapu mojawapo, ila kama ina kifuniko cha chuma hakikisha kifuniko kinabaki kwenye waya wa ardhi (ground) la sivyo utapata mngurumo.

Multimita, kile kipimo cha umeme, unayo? Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua voliumu na toni mpaka mwisho, pima ohmu kwenye ncha ya pili ya kebo kwa kila pikapu. Koili moja inasoma kama kilo-ohmu 5 mpaka 7, hambaka nyingi 7 mpaka 9. Ikisoma nusu ya hapo kwenye hambaka kuna koili moja haifanyi kazi. Ikisoma namba ya poti yenyewe, 250 au 500 huko, waya wa pikapu umekatika, na pikapu iliyokatika bado inaweza kutoa kasauti kembamba ka trebo tupu ndo maana mtu anadhani ni nzima. Zilete hizo namba hapa pamoja na jibu la lile jaribio la bila kebo, na useme seti yako ya nyuzi ni 0.009 au 0.010 (unene wa uzi mwembamba kuliko yote, kwa inchi), tuendelee kutoka hapo.