Magitaa bora ya umeme: jibu langu ni Japani, 1978 hadi 1986

Mkuu, umeuliza magitaa bora ya umeme yalitengenezwa enzi gani, na umesema una akiba ya kununua moja la maana kabla ya mwaka kuisha, ila unasita kati ya la Marekani la 1975 na la Japani la 1982. Walionitangulia karibu wote wamekujibu Marekani, miaka ya hamsini. Nawaheshimu. Ila mimi nimepiga ridhimu kwenye bendi za dansi hapa Dar tangu 1983, na kwa zaidi ya miaka ishirini sasa nafungua na kufunga magitaa ya watu, na jibu langu ni jingine: Japani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya sabini hadi katikati ya themanini.

Nianze na hiyo miaka ya hamsini, maana ndiko ubishi uliko. Mawazo makubwa karibu yote yalizaliwa pale, hilo silipingi. Leo Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na gitaa hakujua kulipiga. Akaliwaza kifundi: ubao mnene usio na tundu la sauti, shingo iliyokazwa kwa skrubu nne ili ikiharibika uitoe uweke nyingine, na nyaya zote unazifikia kwa bisibisi. Telecaster ikatoka hivyo, ikiitwa kwanza Broadcaster mwaka 1950. Stratocaster ikafuata 1954. Gibson nao, kule Kalamazoo, Michigan, wakaleta Les Paul 1952, na mwaka 1957 wakaifunga pikapu (ile sumaku iliyozungushiwa waya, inayonasa mtikisiko wa nyuzi) ya koili mbili iliyobuniwa na Seth Lover, ikaua ule mvumo wa umeme. Magitaa mengi unayoyaona leo yametokana na hayo matatu.

Lakini kubuni ni kitu kimoja na kutengeneza ni kingine. Les Paul za kwanza za 1952 shingo yake ilikaa chini mno, ikabidi nyuzi zipite chini ya daraja (kile chuma cha mwilini kinachoshikilia nyuzi) badala ya juu yake. Kwa hiyo kiganja hakipati pa kulala ili kuzibana nyuzi zisiendelee kulia. Muulize mpiga ridhimu yeyote, atakwambia hapo ameshanyang'anywa nusu ya kazi yake. Zile Fender za mwanzo kabisa za 1950 hazikuwa na chuma ndani ya shingo, zikapinda, kiwanda kikalazimika kuziwekea shingo nyingine. Pikapu za Gibson za kipindi kile zilisukwa bila kuhesabu mizunguko ya waya barabara, ndiyo maana moja ni kali na dada yake imepoa. Na zile Les Paul za 1958 hadi 1960 zenye rangi ya machweo, ambazo leo matajiri wanazinunua kwa mamia ya maelfu ya dola, zilikosa wateja zilipokuwa mpya hadi umbo lile likaachwa. Watu walianza kuzitafuta baada ya mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton kusikika nayo mwaka 1966.

Jambo jingine: magitaa ya 1957 tunayoyaona leo ni yale yaliyotunzwa. Yaliyokuwa mabovu yalishatupwa au kuvunjwa vipuri zamani. Ukilinganisha masalia hayo na magitaa yote ya kiwanda kingine, mabovu na mazima pamoja, hujafanya haki.

Kuna mchangiaji amesema Fender yoyote iliyotoka baada ya CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kuinunua kampuni mwezi Januari 1965, kwa dola milioni 13, haifai. Hapana. Stratocaster nyeupe aliyopiga Jimi Hendrix kwenye tamasha la Woodstock 1969 ilitengenezwa 1968. Kilichoshuka kilishuka polepole. Rangi ya juu ikawa nene kama plastiki, mbao zikawa nzito, na kuanzia 1971 shingo ya Stratocaster ikafungwa kwa skrubu tatu badala ya nne. Gibson ikapita njia ileile baada ya kubadilisha wamiliki 1969: miili ya tabaka juu ya tabaka, shingo za vipande vitatu. Kiwanda cha Kalamazoo kikafungwa 1984.

Wakati huohuo, kwenye mji wa milimani uitwao Matsumoto, kiwanda cha FujiGen kilichoanza 1960 kilikuwa kinanakili magitaa ya Marekani kwa vipimo, na mwaka hadi mwaka kazi yao ilizidi kunyooka. Kule Hamamatsu, Tokai nao wakafanya hivyohivyo. Mwaka 1977 wenye Gibson wakawashtaki waliokuwa wakiuza Ibanez, magitaa ya Japani, huko Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa, shauri likaisha kwa kuelewana. Ushahidi mkubwa zaidi kwangu ni wa 1982: Fender wenyewe walianzisha Fender Japan, wakawapa FujiGen kazi ya kutengeneza. Zile Squier (jina la pili la Fender, la bei nafuu) za 1982 hadi 1984 zenye namba inayoanza na JV ni za mikono hiyo. Mwenye jina akimpa mnakili kazi yake, mimi sihitaji hoja nyingine.

Sasa niseme nilichokiona mwenyewe. Bendi yetu ilikuwa ya shirika la umma, kama zilivyokuwa bendi nyingi za wakati ule, na vyombo vilikuwa mali ya shirika. Mkimaliza muziki usiku, magitaa yanafungiwa stoo. Kuwa na gitaa lako mwenyewe lilikuwa jambo kubwa. Mwaka 1985 rafiki yetu mmoja, baharia, alirudi kutoka Yokohama na Ibanez Blazer, nikamlipa kidogokidogo kwa miezi kumi na moja. Namba yake inaanza na D81. Kwa Ibanez za miaka hiyo herufi ya kwanza ni mwezi na tarakimu mbili ni mwaka, kwa hiyo ni la Aprili 1981.

Unaijua hali ya hewa ya Dar. Masika mbao zinavimba, kiangazi zinakauka, ukumbini jasho linachuruzika hadi kwenye pikapu. Magitaa ya stoo tulikuwa tunayatyuni kila baada ya wimbo. Blazer nilikuwa nalityuni saa mbili usiku, na saa saba bado limesimama palepale. Mwaka 1991 freti (vile vyuma vyembamba vya shingoni) zililika kwa wingi wa kazi, nikaifungua shingo kwa mara ya kwanza. Pale shingo inapoingia mwilini, nilijaribu kupenyeza karatasi ya daftari pembeni. Haikupita. Nimeshafungua mamia ya magitaa tangu siku ile, na mbao zilizobanana namna hiyo nimezikuta mara chache sana.

Miaka ya karibuni niliwahi kununua kwa muuzaji mmoja gitaa nililoambiwa ni la Marekani, la 1964. Nililipa pesa nyingi. Nilipolifungua nikakuta shingo ya gitaa moja na mwili wa jingine, na ndani ya tundu la nyaya lehemu mbichi inayong'aa. Muuzaji hakuniuzia gitaa, aliniuzia mwaka. Hasara ile bado inaniuma, na ndiyo sababu nimekaa kuandika marefu hivi.

Utaniuliza mbona kipindi kile cha Japani ni kifupi. Mwaka 1985 nchi tano tajiri zilikubaliana New York kushusha thamani ya dola, yeni ikapanda kwa kasi, magitaa ya Japani yakawa ghali nje. Kazi ya bei nafuu ikahamia Korea. Japani wanatengeneza vizuri hadi leo, ila ule ubora kwa bei ile haukurudi.

Ya sasa hivi? Mazuri sana, mashine za kompyuta zinakata mbao kwa usahihi ambao Fullerton ya 1954 haikuuota. Kama pesa yako ni ya gitaa jipya, nunua bila hofu. Ila kati ya yale mawili uliyotaja, la Marekani la 1975 na la Japani la 1982, chukua la Japani, na chenji iende kwenye amplifaya.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji alegeze nyuzi na afungue zile skrubu nne mbele yako. Angalia muhuri au maandishi kwenye kisigino cha shingo (ncha yake inayoingia mwilini), angalia lehemu, pitisha karatasi pembeni. Akikataa kufungua, mshukuru uondoke.