Nadhiri, mkutano wa Kaliua na mtoto wa miezi saba

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Naishi Tabora mjini, Isevya. Nina watoto watatu. Baada ya wa pili nilikaa miaka mitano bila kushika mimba, nikamwekea Mungu nadhiri kwamba akinipa mtoto nitamtumikia. Akanipa, na sasa ana miezi saba, ananyonya. Nimealikwa kuhubiri mkutano wa injili Kaliua, siku nne, na chuo cha Biblia kimenipokea kwa kozi ya bweni ya miaka miwili. Mume wangu hakatai ila anasema nisubiri mtoto aache ziwa. Kiongozi wetu wa maombi anasema nikisubiri nimekuwa Yona, na ananisomea Mathayo 19:29, kwamba Yesu alisema tuache hata watoto kwa ajili yake. Isitoshe kikundi kimepanga mfungo mkavu, bila chakula wala maji, wa siku tatu na mkesha, nami ni mmoja wa viongozi. Je, kusubiri ni kumkimbia Mungu?

JIBU: Amina, mama. Tumwache Yona kidogo, twende kwa Hana, mama yake Samweli, maana ndiye aliyesimama hapo uliposimama wewe: alikosa mtoto, akalia, akaweka nadhiri, akajibiwa, kisha akajikuta ana mtoto mchanga na nadhiri mkononi.

Soma 1 Samweli 1:21-24 taratibu. Mwaka uliofuata Elkana alipanda Shilo na nyumba yake yote kwenda kutoa dhabihu ya mwaka. Hana hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba atabaki mpaka mtoto aachishwe kunyonya, ndipo atampeleka mbele za Bwana akae huko daima. Elkana akamwambia afanye aonavyo vema, na Bwana alithibitishe neno lake. Hakuna nabii aliyetumwa kumkemea, wala kuhani Eli hakutuma mtu kuuliza mbona mwanamke yule aliyelia hekaluni haonekani. Na huko kusubiri hakukuwa kwa majuma machache. Wenzetu Wakatoliki wana katika Biblia yao kitabu cha pili cha Wamakabayo, na kwenye 7:27 mama mmoja Myahudi anataja kwamba alimnyonyesha mwanawe miaka mitatu. Tukihesabu hivyo, Hana alikosa safari za Shilo mbili au tatu, na bado Maandiko yanamhesabu kuwa aliitimiza nadhiri.

Sasa angalia alivyosubiri, maana wengi wanaipita sehemu hii. Aliweka kikomo, akakitamka kwa mumewe, na kikomo kilipofika alikwenda. Tena hakwenda mikono mitupu: alichukua ng'ombe, divai, na efa moja ya unga, ambayo ni kama lita 22, debe na ushee. Mtu anayebeba unga wa kiasi hicho alianza kujiandaa mapema. Miaka ile ya nyumbani ilikuwa sehemu ya nadhiri.

Kwa hiyo swali langu kwa nyumba yenu ni hili: hiyo "subiri" ya mume wako ina tarehe? "Mtoto aache ziwa" ni neno zuri, lakini halina mwisho unaojulikana. Wataalamu wa afya wanashauri maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Katikati ya hapo mimba nyingine inaweza kuingia. Halafu itakuwa "mpaka aanze chekechea," halafu "mpaka mkubwa amalize darasa la saba." Wapo akina mama wenye wito wa kweli ambao hakuna aliyewahi kuwaambia hapana, waliambiwa "baadaye" hadi wakachakaa. Kaeni wawili, jioni moja watoto wakishalala, mwandike mwezi na mwaka kwenye kalenda ya ukutani. Mume anayekupenda hataogopa tarehe, na wewe ukiwa na tarehe hutamwona kuwa kizuizi kila mwaliko unapokuja.

Jioni hiyohiyo mwambie pia maneno ya nadhiri yako, kama hujawahi kumwambia. Hesabu 30 inasema nadhiri ya mwanamke aliyeolewa inathibitika mumewe akiisikia akanyamaza. Sikuwekei torati ya Musa shingoni. Nataka uone tu kwamba tangu zamani nadhiri ndani ya ndoa haikuwa siri ya mmoja. Yaandike kama ulivyoyatamka siku ile. Umesema uliahidi kumtumikia Mungu. Hukuahidi mikutano ya viwanjani, wala kozi ya bweni, wala mfungo mkavu. Hayo yaliongezwa baadaye, mengine na watu wenye nia njema. Mhubiri 5:4-5 anaonya juu ya kutoondoa nadhiri, nami nakuonya hivyohivyo, ila unalipa ulichoahidi, hulipi ambacho wengine wamekiandika kwa jina lako.

Yona alipewa mji na ujumbe, akapanda merikebu ya kwenda upande mwingine. Wewe unauliza lini na kwa namna gani. Kuwaita nyote wawili kwa jina moja ni kuonea.

Kuhusu Mathayo 19:29, tazama nani alikuwa anajibiwa: Petro, aliyetoka kusema katika mstari wa 27 kwamba wameacha vyote. Je, Petro aliachaje? Marko 1:29-31 inaonyesha baada ya kuitwa bado kuna nyumba yake Kapernaumu, na Yesu anaingia humo kumponya mama mkwe wake. Miaka mingi baadaye Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 9:5 kwamba Kefa, ndiye Petro huyohuyo, husafiri pamoja na mkewe. Kwa hiyo yule aliyeambiwa neno lile alilielewa kuwa ni kumweka Kristo juu ya nyumba, na nyumba ikaendelea kutunzwa. Zipo saa ambapo ndugu wanamlazimisha mtu kuchagua kati yao na Kristo, na hapo Neno ni kali kweli. Lakini mtoto wa miezi saba hamshindani Yesu. Ananyonya tu. Yule anayetaka kuwanyima wa nyumbani haki yao kwa kusema "nimeshamtolea Mungu" asome Marko 7:9-13, aone Bwana alivyowajibu waliotumia Korbani, yaani kitu kilichowekwa wakfu kwa Mungu, kwa njia hiyo.

Nisieleweke kwamba nakurudisha jikoni. Sipendi ule msemo "mtoto ndiye huduma yako" unaporushwa ili kumnyamazisha mwanamke. Debora alikuwa mke wa Lapidothi na mwamuzi wa Israeli (Waamuzi 4:4-5). Priska pamoja na mumewe Akila walimfundisha Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26), wakiwa watu wa kushona mahema. Na ukitafuta katika Biblia watumishi ambao watoto wao waliharibika wao wakiwa kazini mwa Bwana, utakutana na akina baba: Eli na wanawe (1 Samweli 2 na 3), kisha Samweli mwenyewe (1 Samweli 8:1-3). Mwinjilisti mwanamume mwenye mtoto wa miezi saba anapopanda treni kwenda Nguruka wiki mbili, kanisani hatuulizi kitu. Tungepaswa kuuliza. Suala la kumwekea mwanamke mikono ya uchungaji makanisa yetu hayakubaliani, na hukuliuliza, naliacha.

Mwendo wa nyumba yenye mtoto mchanga Yakobo aliusema vizuri kwa lugha ya mfugaji, nasi huku Unyamwezini tunamwelewa. Katika Mwanzo 33:13-14 anamwambia Esau kwamba watoto ni dhaifu na wanyama wananyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja tu kundi lote litakufa. Naye Isaya 40:11 anasema Mungu mwenyewe, "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole." Kundi linalokwenda polepole bado linakwenda.

Kaliua, kwa maoni yangu, unaweza kwenda, ila si kwa siku nne, na si kwa mwaliko wenye mstari mmoja wa "karibu utuhudumie." Omba siku mbili. Waambie wenyeji mapema, kwa maandishi, kwamba mnakuja watatu: wewe, mtoto, na mtu wa kumshika, ambaye awe mtu mzima anayemjua mtoto, mama mkwe au dada yako, si binti wa kwaya aliyepewa kazi hiyo pale uwanjani. Nauli ya mshikaji ni sehemu ya nauli yako. Ikikosekana ijulikane kabla hujapanga mzigo. Uliza mnalala wapi na kama kuna chandarua, kwa kuwa mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini. Uliza pia kama maji ya kunywa yanachemshwa. Mtoto wa umri huu ameshaanza uji na chakula laini mara mbili au tatu kwa siku, na kinachoharibu safari nyingi za akina mama watumishi ni kuhara: mwenyeji kwa upendo anampa mtoto maji ya kisimani au uji uliolala. Beba unga wako, kikombe na kijiko chake, na chupa ya chai yenye maji yaliyochemka.

Omba kipindi cha mchana. Mikutano yetu ya kiangazi huanza jioni na mahubiri husogea hadi giza, hapo kuna vumbi la uwanja, baridi ya mwezi wa sita na wa saba, mbu, na spika zilizopangwa ubavuni mwa jukwaa, mahali palepale wanapopenda kumkalisha mama mwenye mtoto ili "awe karibu." Masikio ya mtoto hayastahili hilo. Mshikaji akae nyuma ya mkutano, au kwenye nyumba ya jirani unayoweza kuifikia kwa dakika tano.

Mnyonyeshe kabla hujapanda, hata kama kwaya ya mwisho inaimba na mwenye ratiba anakuita kwa mkono. Dakika arobaini za neno zinatosha. Kinachozidisha muda ni maombezi baada ya mahubiri: foleni ya wagonjwa inaweza kukuweka saa mbili au tatu bila wewe kuhisi. Panga na wachungaji wa pale waendelee wao, nawe ushuke. Ukipitisha zamu za kunyonyesha, maziwa yanajaa, ziwa linakuwa gumu na kuuma, na likiachwa linaweza kupata maambukizi, na homa juu. Kama tahadhari, kamua maziwa mapema kwenye chombo safi kilichochemshwa chenye mfuniko, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Yanakaa hadi muda wa saa nne penye ubaridi wa nyuzi 25 au chini yake. Kwenye joto la mwezi wa tisa na wa kumi Tabora usiyaamini muda wote huo. Yanayobaki kikombeni mwageni, msiyarudishe.

Wakubwa wawili wanabaki na baba yao, si na dada wa kazi peke yake. Na kama mna dada wa kazi, kumbuka naye ni mtoto wa mtu: sheria hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na Jumapili yake ya ibada isiliwe na huduma yako.

Mfungo mkavu usiufunge. Anayenyonyesha anahitaji maji kuliko mtu wa kawaida; siku tatu bila maji zinakudhoofisha wewe, zinapunguza maziwa, na anayelia usiku ni mtoto ambaye hakuulizwa. Danieli 10:2-3 inakupa njia: kwa majuma matatu aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Acha nyama, chai ya sukari, hata simu, ule ugali wako na maharage na kunywa maji ya kutosha, ukaombe saa zilezile wenzako wanaoomba. Mkesha hudhuria mpaka saa tano usiku ukiwa umemwacha mtoto ndani ya chandarua na baba yake, kisha urudi. Mtu akikuambia upako unashuka saa nane, mwambie wewe saa nane utakuwa macho vilevile, unanyonyesha.

Jambo la kupeleka kwa wazee wa kanisa, si kwa ajili yako peke yako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini apewe hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Watumishi wa kujitolea kanisani hawamo katika sheria hiyo, ndiyo maana kiongozi wa akina mama anajifungua na wiki ya sita anaulizwa mbona haji kwenye maombi. Kanisa linaweza kujiwekea utaratibu wake: miezi kadhaa bila zamu, msaidizi ashikilie nafasi, na nafasi irudi kwake akirejea. Hili la kurudi liandikwe, maana kazi iliyokaimiwa bila maandishi hairudi kirahisi.

Chuo sasa, hapana. Bweni miaka miwili na mtoto wa miezi saba ni kumwachisha ghafla au kumpeleka mahali ambapo hakuna aliyekuandalia nafasi. Mwandikie mkuu wa chuo kabla muhula haujaanza, ukishukuru kwa kupokelewa na kuomba nafasi yako isogezwe hadi ule mwezi mliouandika kwenye kalenda. Muulize pia kama wana masomo ya kusomea nyumbani, au ya vipindi vifupi wakati wa likizo, na kama mama mwanafunzi anaruhusiwa kuja na mtoto na mlezi. Mume wako asaini barua hiyo pamoja nawe, nakala ibaki kwa mchungaji wako. Wakikubali kwa mdomo tu, omba jibu la maandishi. Wakuu wa vyuo huhamishwa.